Shajara ya Nguzo: tovuti ya kuuza nafasi za karatasi

Nguzo ni tovuti yenye picha moja tu: nguzo ya stima ya mbao, ndefu, imebandikwa karatasi. Kila karatasi ni tangazo la mtu, kama zile za kunyonya choo na za mganga kutoka Kitui zilizojaa kila kona ya Nairobi. Mwenye biashara ndogo analipa kwa M-Pesa, karatasi yake inabandikwa, na anayeiona anagusa namba na kupiga simu. Hakuna la ziada.

Naongeza hapa kila hatua inapoisha, pamoja na pesa iliyotoka, ili anayetaka kujenga kitu cha namna hii asipitie nilikopitia. Ujenzi wenyewe nitaupita mbio. Kilichonichelewesha ni kutafuta mtu wa kuniambia ukweli.

18 Januari. Imesimama

Jioni za wiki mbili. Ukurasa mmoja, hifadhidata ndogo, seva ya kukodi. Nafasi 60: safu 4, mistari 15. Nguzo niliipiga picha mwenyewe Kawangware, kisha nikakaa jioni nzima nikifuta karatasi za watu kwenye hiyo picha. Gundi ya uji wa ngano haibanduki hata ndani ya kompyuta.

Bei ni shilingi 50 kwa karatasi. Kanuni niliyojivunia kuliko zote: baada ya saa 24, mtu yeyote anaweza kulipa na kubandika juu ya karatasi ya mwenzake, kama inavyokuwa kwenye nguzo ya kweli. Niliona huo ndio utamu wake.

Gharama: jina la .co.ke kwa mwaka 1,100, seva miezi mitatu 1,950, bando 1,000. Jumla 4,050.

1 Februari. Maoni ya hewa

Nilituma kiungo kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp: cha ukoo, cha niliosoma nao, na cha chama. Nikauliza, "Mnaonaje?" Siku mbili baadaye nilikuwa na majibu 31. Nimeyahesabu kwa sababu nilikuwa na furaha: vidole gumba 11, moto 9, "iko poa" na "hongera" 8, dua moja kutoka kwa binamu, mmoja aliuliza kama naajiri, na mjomba aliyetaka kujua kwa nini nguzo yenyewe haina waya.

Kisha nikafungua rekodi za seva. Ukurasa ulikuwa umefunguliwa na simu 12. Yaani zaidi ya nusu ya walionisifu hawakuingia kabisa. Walisifu ile picha ndogo ambayo WhatsApp huiweka pamoja na kiungo.

Siwalaumu. Swali ndilo lilikuwa bovu. "Unaonaje" kwetu ni salamu, na "iko poa" ni jibu lake, kama "njema" baada ya "habari". Mtu akikujibu "njema" hujui kama amelala njaa.

Mjomba pekee ndiye aliyeangalia kwa makini. Nimeongeza waya mbili juu ya nguzo, kazi ya dakika kumi, na ni kweli: mwanzoni ilifanana na mti uliokaukia shambani.

9 Februari. Watu wa kompyuta

Nikasema basi niende kwa wajuzi. Wenzangu wanne wa kuandika programu, mgahawa mmoja Ngong Road, kahawa juu yangu: 1,280. Hao hawakunipa dua. Walinipa saa mbili za maoni, na niliandika kurasa tatu: mwandiko wa herufi ubadilishwe, karatasi zipeperuke kidogo kana kwamba kuna upepo, nitumie maktaba fulani mpya badala ya niliyotumia. Kanuni ya kubandika juu ya mwenzako waliipenda wote wanne. Mmoja akasema iongezwe sauti ya karatasi kuchanika. Nilirudi nyumbani nimewaka moto, nikatumia jioni tano kutengeneza hiyo sauti.

Kati ya yote waliyosema, la maana lilikuwa moja, na lilisemwa wakati tunalipa: "Hii si ni kama ile ya yule Mwingereza wa pikseli?"

Ndiyo, na ni haki nilieleze. Agosti 2005, Alex Tew, kijana wa miaka 21 kutoka Wiltshire aliyetaka karo ya chuo kikuu, alifungua ukurasa wenye pikseli milioni moja akawa anauza kila pikseli kwa dola moja. Nafasi ndogo kabisa ilikuwa pikseli 10 kwa 10, dola 100. Dola elfu moja za kwanza zilitoka kwa marafiki na jamaa, naye akazitumia kutangaza habari yake kwa vyombo vya habari. Vyombo vikaipokea, watu wakamiminika. Pikseli 1,000 za mwisho zilipigwa mnada eBay Januari 2006, na jumla yote ikafika dola 1,037,100. Ukurasa ungali upo mpaka leo, ila viungo vyake vingi vimekufa: unagusa nembo, unafika pasipo na mtu.

Wakaja waigaji wengi, na sijui hata mmoja unayeweza kumtaja leo. Nionavyo mimi, Tew aliuza kichekesho kilichokuwa habari, na waliomfuata walikuwa wanasimulia kichekesho ambacho kila mtu ameshakisikia. Kwa hiyo Nguzo haiwezi kutegemea kushangaza watu. Mtu akilipa 50, lazima simu yake iite. Hilo nililiandika kwa wino mwekundu, halafu nikaendelea na sauti ya karatasi kuchanika. Ndivyo nilivyo.

16 Februari. Kinyozi

Ninakonyolewa ni Kawangware, karibu na steji ya 46, kituo cha matatu za namba hiyo. Safari hii nilijiwekea sharti: nitumie simu yake, si yangu, nitamke sentensi moja tu, kisha mikono mfukoni na mdomo ufungwe, hata nikiona anapotea.

Sentensi ilikuwa, "Weka tangazo la kinyozi chako hapa." Akachukua simu yake, itel ndogo yenye kioo kilichopasuka pembeni, akafungua kwa Opera Mini. Kwenye kiti kulikuwa na mteja aliyenyolewa upande mmoja. Kioo kikabaki cheupe. Tukangoja. Mteja akajitazama kwenye kioo cha ukutani, nusu mtu nusu msitu.

"Boss," kinyozi akasema, "hii inafunguka leo ama nimalizie huyu?"

Akammalizia. Akampaka spiriti, akapokea pesa yake, akarudi kwenye simu. Ukurasa ulikuwa umefika. Akabonyeza nafasi tupu akashikilia kidole. Nilikuwa nimeandika programu ili mtu avute karatasi kutoka chini na kuiangusha kwenye nafasi, jambo ambalo kwenye kompyuta yangu lilikuwa zuri kama sinema. Kwenye Opera Mini halikutokea lolote. Akabonyeza tena. Mara ya tatu simu ikamuuliza kama anataka kuhifadhi picha.

"Sasa hapa nifinye wapi?"

Niliuma ulimi. Akateremka, akateremka, mpaka chini kabisa ya ukurasa ambapo nilikuwa nimeandika namba yangu kwa herufi ndogo. Akaigusa. Simu ikaita mfukoni mwangu, mita moja kutoka alipo. Nikaitoa, tukatazamana.

"Si nikwambie tu uniwekee?"

Dakika hizo kumi na tano zilinipa kuliko vile vikundi vitatu na ile kahawa. Nilichorekebisha ni hiki, na anayeiga asiruke hata kimoja.

Ukurasa ulikuwa na uzito wa MB 11, kwa sababu karatasi za mfano zilikuwa picha kamili kutoka kwenye simu. Hiyo ni bando ya mtu. Sasa seva inapunguza kila picha hadi upana wa pikseli 480 na chini ya KB 30, na picha za chini haziteremshwi mpaka mtu azifikie. Ukurasa umekuwa KB 420.

Kuvuta na kuangusha nimekuondoa kote. Opera Mini huandaa ukurasa kwenye seva zake kisha humtumia mtu uliokwisha kubanwa, kwa hiyo mbwembwe nyingi za kwenye kivinjari hufa njiani. Kila nafasi tupu sasa ina kiungo cha kawaida, "Bandika hapa", kinachofungua fomu ya kawaida. Na namba yangu nimeipandisha juu kwa herufi kubwa: tuma maneno kwa WhatsApp, nikubandikie mimi.

Alisema pia jambo ambalo sikulielewa siku hiyo, nikaliandika tu: "Na mtu wa Umoja atatoka huko aje kunyolewa Kawangware?" Umoja ni mtaa wa upande wa pili wa jiji.

Gharama: kunyoa 150, bakshishi 50, nauli 160.

2 Machi. Pesa ambayo haikuingia

Hatua hii nilikuwa naikwepa. Mpaka hapa kila mtu alikuwa anabandika bure. Nikawasha malipo: shilingi 50, kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Mtu anaandika namba yake, ujumbe wa kuweka PIN unajitokeza kwenye simu, anaweka, imekwisha.

Siku ya kwanza karatasi saba zilipanda kwenye nguzo. Nikamwambia dada yangu, ambaye namba yake ya Lipa na M-Pesa ndiyo ninayotumia, kwamba leo atanunua nyama. Akaangalia akasema ameona 150.

Kosa lilikuwa langu tupu. Ukituma ombi, Daraja hukujibu papo hapo na ResponseCode 0. Mimi nilisoma sifuri hiyo kama "amelipa". Maana yake ni kwamba ombi limepokelewa, basi. Habari ya kulipwa huja baadaye, kwa ujumbe wa pili unaotumwa kwenye anwani ya seva yako, na humo unatazama ResultCode: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 amekataa mwenyewe, 1037 simu haikupatikana au muda umekwisha. Kwenye rekodi zangu: 0 mara tatu, 1 mara mbili, 1032 moja, 1037 moja. Yote yalikuwa yanaandikwa vizuri kabisa na sikuwahi kuyasoma.

Sasa karatasi inakaa upande wa "inasubiri" mpaka ujumbe wa pili ufike. Wale wanne niliwaachia karatasi zao bure. Kosa si lao.

Lakini nilimpigia aliyekataa, na ninashauri sana ufanye hivyo: aliyekaribia kulipa akarudi nyuma anajua kitu ambacho aliyelipa hajui. Ni mwenye kibanda cha mboga. "Iliniandikia jina la duka ambalo mimi silijui," alisema. "Nikasema hawa ni wale wezi." Alikuwa ameona jina la duka la dada yangu kwenye ujumbe wa PIN. Sasa kabla ya kubonyeza unasoma: "Simu itakuonyesha jina hili," na jina lenyewe. Tangu hapo nimepata 1032 mara mbili tu.

16 Machi. "Amenikalia kichwani"

Simu iliita saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Ni msusi mmoja, mama wa makamo, kati ya wale watatu wa kwanza waliolipa.

"Kijana, hamujambo huko? Mimi nimelipa hamsini yangu halali. Nimeamka, nakuta mtu wa simu amenikalia kichwani."

Fundi simu alikuwa amebandika juu yake usiku. Saa 24 zilikuwa zimepita, kanuni ilikuwa imefanya kazi sawasawa. Nikaanza kumweleza, mama, hivyo ndivyo nguzo ilivyo, ndiyo raha yake, unaweza kulipa tena umrudie. Akaninyamazia mpaka nikafika mwisho. Kisha:

"Wewe umepanga nyumba, sivyo? Mwenye nyumba akikuletea mtu alale juu yako, utaita raha?"

Nilimrudishia 50 yake. Kisha nikawapigia wote waliokuwa wamelipa mpaka siku hiyo, watano pamoja naye, nikawauliza kuhusu kanuni ile. Wote watano hawakuitaka. Wale wanne wa Ngong Road wote waliipenda, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kununua karatasi. Maoni ya makundi haya mawili nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari moja kana kwamba yana uzito sawa.

Kanuni imeondoka. Ukilipa, siku saba ni zako, hakuna wa kukugusa. Sauti ya karatasi kuchanika imeondoka nayo, jioni tano zangu zimekwenda. Mtu mmoja aliniambia ilimlilia ndani ya matatu watu wakageuka kumtazama.

30 Machi. Mwenye ndoo na brashi

Nilikuwa nimeuliza watangazaji, wasomaji na waandika programu. Sikuwa nimemuuliza mtu anayefanya kazi hii kwa mikono. Nyamakima, mtaa wa maduka ya nafaka, nilimkuta mmoja na ndoo ya gundi, brashi na bunda la karatasi kwapani. Chai na chapati mbili kwa maharagwe, 130, na akaniambia yote.

Mimi nilikuwa nimepanga kupandisha bei ya nafasi za juu. Kwenye tovuti, juu ndiyo ghali, kila mtu wa matangazo anajua hivyo. Nikamuuliza yeye huanza kubandika wapi.

"Kimo cha macho ni pa kusomwa," alisema, akiweka kiganja mbele ya uso wake. "Juu ni pa kudumu."

Sikuelewa. Akanieleza kama anayemfundisha mtoto. Karatasi ya kimo cha macho inasomwa na kila apitaye, lakini kufikia kesho imechanwa au imefunikwa. Ile ya juu unapanda mkokoteni kuifikisha, watu wachache huinua macho, lakini hata mwaka ujao itakuwepo, kwa sababu hakuna anayejisumbua kupanda kuitoa. Ni bidhaa mbili tofauti. Mimi nilikuwa nauza moja kwa majina mawili.

Nikampa simu aitazame Nguzo. Akacheka. Karatasi zimenyooka mno, alisema, na maneno ni mengi. "Mtu anapita, hasimami. Neno kubwa na namba. Akitaka mengine atapiga."

Nikabadilisha hivi. Nafasi za juu, mistari mitatu, ni 150 kwa siku 30. Zilizobaki ni 50 kwa siku saba. Ukurasa haufungukii tena kileleni, unafungukia kimo cha macho, katikati, nawe unapanda au kushuka. Kiungo cha ndani ya ukurasa kinatosha kwa hilo na hata Opera Mini inakielewa. Picha nimezitoa kabisa: maneno makubwa yasiyozidi matatu, mstari mmoja mdogo, namba. Ukurasa sasa ni KB 90. Ule utaalamu wote wa kupunguza picha niliousimulia Februari umekwenda kaburini.

Hapohapo nikamwonyesha karatasi 200 nilizokuwa nimetoka kuchapisha River Road kwa 1,000, zenye msimbo wa QR wa Nguzo, ili anisaidie kuzibandika kwenye nguzo za kweli. Aliishika moja, akaigeuza. "Kibali cha kaunti uko nacho?" Sikuwa nacho. Tangazo la nje linataka kibali, na mimi ninayeuza nguzo ya kwenye simu sikuwa nimewaza kwamba ile ya mtaani ina mwenyewe. Nimezigawa kwa vinyozi, duka la dawa na kibanda cha M-Pesa, wazibandike ndani. Nyingi ziko chini ya kitanda changu.

Gharama: 130, nauli 100, karatasi 1,000.

13 Aprili. Namba ya mtu mwingine

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na stima ikapotea, kwa hiyo nilikuwa nimekaa na simu yenye asilimia 9 ilipopigwa na mwanamume aliyejaa hasira. Tangu jana watu zaidi ya ishirini walikuwa wamempigia kuuliza chumba cha kupanga cha shilingi 3,000. Hana chumba. Yeye mwenyewe amepanga.

Karatasi ilikuwepo, CHUMBA 3000 HARAKA, kimo cha macho, namba yake. Iliyolipa ilikuwa namba nyingine. Alipoisikia alinyamaza kidogo, akasema, "Huyo namjua. Ni mambo ya mapenzi." Sikuuliza zaidi.

Nilibandua karatasi ndani ya dakika moja na nikamwomba radhi, lakini radhi haikutosha. Namba ya simu ni taarifa ya mtu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Nilikuwa nachapisha namba za watu bila kujua kama wenyewe wamekubali. Kati ya makosa yote ya shajara hii, hili ndilo linalonitia aibu.

Sasa namba iliyo kwenye karatasi ama iwe ndiyo iliyolipa, au itumiwe tarakimu nne kwa ujumbe mfupi na mwenye nayo azirudishe. Nimenunua ujumbe wa shilingi 500. Kila karatasi ina "Ripoti" chini yake, na ripoti mbili zinaificha mpaka niitazame. Vyumba vya kupanga sipokei tena, maana baada ya kisa hiki watu wawili waliniandikia kwamba walishawahi kuliwa pesa ya kwenda kuona nyumba isiyokuwepo, na wakiona CHUMBA popote wanafunga ukurasa. Waganga sikuwahi kuwapokea. Wamenipigia watatu, wote waungwana, mmoja akaahidi kulipia safu nzima ya juu mwaka mzima. Nilimkatalia kwa sauti ya mtu anayeumia.

27 Aprili. Nani anaona?

Kila muuzaji ameniuliza swali hili, wengine kabla ya kuuliza bei. Fundi viatu mmoja alilisema bila huruma: "Status yangu ya WhatsApp ni bure na inaonwa na watu mia mbili. Wewe unanipa nini?"

Nilikuwa na jibu, au nilidhani. Kila anayegusa namba huhesabiwa, na hesabu ya wiki ilionyesha 57 kwa karatasi 21. Nilikuwa karibu kuwatumia wateja. Bahati nzuri nikazichambua kwanza kwa simu zilizogusa: 38 zilikuwa zangu, nikijaribu kama namba zinafanya kazi. Zilibaki 19.

Nilikaa na hiyo 19 siku nzima. Kisha nikawatumia vilevile, kila mmoja yake: "Karatasi yako iliguswa mara 2 wiki hii," na kwa saba kati yao, "haikuguswa." Nilitegemea wote wakimbie. Kati ya saba waliopata sifuri, wanne wameondoka. Kati ya walioguswa hata mara moja tu, hakuna aliyeondoka. Msusi aliyekaliwa kichwani alirudi mwanzoni mwa mwezi: ameguswa mara tatu, mmoja amekuja, amesukwa, amelipa.

Nikazitazama zile 19 zimeangukia wapi. Karibu zote ni karatasi zinazotaja mahali: steji ya 46, nyuma ya soko, mkabala na duka la dawa. Zilizoandikwa NAIROBI YOTE hazikuguswa. Hapo ndipo nikakumbuka mtu wa Umoja na kichwa chake, maneno niliyoyaandika Februari nikayaacha yalale.

Kwa hiyo Nguzo si ya Nairobi tena. Ni ya steji ya 46 Kawangware, na imeandikwa hivyo juu. Karatasi nane za kwingine nimezitoa na kuwaambia wenyewe wachague pesa au wangoje: mahali pakipata watu kumi watapata nguzo yao. Wawili wamechukua pesa, 100. Wa mtaa wa Kangemi wameshafika sita.

Hesabu mpaka leo, pamoja na seva miezi mitatu mingine, 1,950: zimetoka 9,520. Zimeingia 2,950, karatasi 44 za kawaida na 5 za juu. Nimepungukiwa 6,570, bila kuhesabu jioni zangu. Karatasi 13 kati ya hizo 44 ni za waliorudia, na hiyo ndiyo namba ninayoiangalia kila asubuhi.

Jana usiku, saa tano kasoro, kinyozi alirudia yake bila kuambiwa. Kwa itel ileile, kwa fomu, hakunipigia. KINYOSI WATOTO HAMSINI, na chini yake, steji ya 46. Leo nilipokwenda kunyolewa nikamwambia kuna herufi imekosewa, nimrekebishie.

"Wacha," alisema, akanigeuza kichwa. "Wawili wamekuja leo kunicheka. Wote nimewanyoa."